Shahidi wa Marehemu

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, upande wa Kenya wa mpaka wa wakati ule, luteni mmoja wa jeshi la Uingereza, mzaliwa wa Australia, alipigwa risasi ya mguu. Wenzake wakambeba. Jina lake Wilbur Dartnell. Adui alikwishafika hatua chache kutoka walipo, na majeruhi wenye hali mbaya kuliko yake hawakuwa na wa kuwaondoa. Dartnell akataka ashushwe, aachwe pamoja nao, kwa tumaini kwamba huenda akawanusuru. Hakumnusuru mtu; yeye mwenyewe aliuawa palepale. Amezikwa Voi, na Uingereza ikampa Msalaba wa Viktoria, nishani ambayo kwao haina ya kuizidi kwa ushujaa wa vitani.

Tangazo la nishani hiyo ni la sentensi chache, lakini mtu wa pwani yetu akilisoma hukwama katikati. Linaeleza kwamba Dartnell alikataa kuondoka kwa sababu alijua kuwa wanajeshi weusi wa adui huwaua majeruhi. Adui ni Mjerumani. Na wanajeshi weusi wa Mjerumani walikuwa nani? Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, wana wa Wasudani waliozaliwa Bagamoyo na Dar es Salaam, watu walioamrishana kwa Kiswahili na kuapizana kwa Kiswahili. Hao ndio wanaotokea katika hati ya mtu mwingine ya ushujaa, bila majina, kama sababu ya ushujaa wake.

Sina haja ya kubisha kama majeruhi waliuawa siku ile. Vita vya porini vilikuwa vichafu pande zote. Ninachokitazama katika sura hii ni kalamu. Mtu akifa vitani hawezi kujisemea. Anahitaji mwingine aliyeona, na huyo aliyeona anahitaji kusikilizwa na mwenye karatasi. Ushujaa wa maiti huishia pale shahidi wake anapoishia.

*

Vita vile vilifika mpaka mlangoni kwetu. Tarehe 15 Agosti 1916, alfajiri, meli za kivita za Uingereza zilisimama mbele ya Bagamoyo na kuupiga mji mizinga, kisha mabaharia na wanajeshi wakashuka kwa mashua. Miongoni mwa meli zilizotumika katika mwambao huu zilikuwamo Mersey na Severn, zile zile zilizoimaliza manowari ya Königsberg katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Mji ukaanguka siku hiyohiyo, na mzinga mmoja uliokuwa umeng'olewa kutoka Königsberg ukatekwa. Kutoka Bagamoyo majeshi yakateremka kusini, na Dar es Salaam ikajisalimisha tarehe 4 Septemba. Mtu wa Mlingotini, kijiji cha mikoko na ziwa la maji chumvi kusini mwa magofu ya Kaole, hakuhitaji gazeti ili ajue kwamba utawala unabadilika. Mizinga ya meli hailengi masikio ya upande mmoja tu.

Bagamoyo yenyewe ni darasa zuri la somo hili la nani anaandikwa. Karibu na ufuko kuna makaburi ya Wajerumani, yapatayo 20, ya watu waliokufa kuanzia 1889, mwaka ambao Hermann von Wissmann alishusha askari wake wa Kisudani na Wazulu kutoka Msumbiji na kulishambulia boma la Bushiri bin Salim tarehe 8 Mei. Makaburi yale yana majina na tarehe. Si mbali na hapo kuna mahali panapotajwa kuwa ndipo waliponyongwa watu waliopinga. Hapo pana jiwe la ukumbusho. Orodha ya majina hamna. Bushiri mwenyewe, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, tunamjua kwa sababu Wajerumani walimwogopa kiasi cha kumwandika. Waliokufa wakimlinda pale bomani hawakumtisha mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hawakuandikwa mmoja mmoja.

*

Sasa sheria yenyewe, maana bila kuijua mtu atadhani yote haya ni ubaguzi mtupu, na mambo yana vifundo zaidi ya hapo.

Malkia Viktoria alianzisha Msalaba wake tarehe 29 Januari 1856. Ni kipande cha shaba kisicho na thamani ya kuuzwa kwa sonara. Inasimuliwa kwamba shaba yake hutoka katika mizinga iliyotekwa. Kwa karibu nusu karne, nishani hiyo haikuwa ya wafu. Aliyefanya ushujaa akafa, jeshi liliandika tu kwamba angalipendekezwa kama angaliishi. Wazo lilikuwa kwamba nishani ni kitu cha kuvaliwa, na maiti havai. Vita vya Makaburu ndivyo vilivyoubomoa ukuta huo: mwaka 1902 wafu wa kwanza wakapewa, na mwaka 1907 ikarudiwa nyuma hadi kwa maofisa wawili waliouawa mwaka 1879 katika vita na Wazulu, pale Isandlwana.

Kwa Msalaba wa Viktoria, basi, mlango wa wafu ukafunguka. Kwa nishani nyingine za vitani ukabaki umefungwa. Nishani za maofisa, medali za askari wa kawaida, zote zilikuwa za walio hai. Mtu akifa, jeshi la Uingereza lilikuwa na njia mbili tu za kusema kwamba alikuwa jasiri: Msalaba wa Viktoria, ulio juu kabisa, au kutajwa jina katika taarifa ya jenerali, jambo lililo chini kabisa. Katikati palikuwa patupu. Hali hiyo haikurekebishwa mpaka mwaka 1979.

Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyejiandikisha jeshini akiwa na zaidi ya miaka 60, alipewa nishani yake mwaka 1916 akiwa hai. Akapigwa risasi na kufa Behobeho, bonde la Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Ingechelewa miezi michache asingeipata kamwe, hata kwa umaarufu wake wote. Kaburi lake lipo palepale, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sasa mchukue askari wa Keya. Ndivyo wazee walivyoliita jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, King's African Rifles, kwa kuzitamka herufi zake. Askari wa Keya alikuwa na medali yake maalumu ya ushujaa, toleo la medali ya Waingereza lenye jina la jeshi lake nyuma, lililokuwapo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wengi waliipata na kuivaa kwa fahari. Lakini aliyeipata ni aliyerudi. Aliyekwenda mbele zaidi, akamvuta mwenzake kutoka kwenye risasi na kubaki hapo, kwake iliyobaki ni njia ya Msalaba wa Viktoria. Na katika vita vyote viwili vya dunia, Msalaba wa Viktoria ulitolewa mara moja tu kwa mwanajeshi wa Keya. Alikuwa Mzungu.

*

Hadithi ya mara hiyo moja inatuhusu sisi kuliko inavyodhaniwa.

Nigel Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913, wa ukoo uleule wa Louis Leakey, mtafiti wa Olduvai. Vita vya Pili vilipoanza akawa sajini. Watu humweka katika historia ya Kenya, na ni haki yao. Lakini kikosi alichokufa nacho kilikuwa 1/6 Keya, na batalioni ya sita ilikuwa ya Tanganyika. Asili yake inachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Iliundwa mwaka 1917, na watu wake wa mwanzo kwa sehemu kubwa walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa na kugeuza sare. Yaani wale wanajeshi weusi wa tangazo la Dartnell, miaka miwili baadaye, walikuwa wanajeshi weusi wa Mfalme wa Uingereza. Hakuna tangazo lililosema kwamba tabia yao imebadilika njiani.

Tarehe 19 Mei 1941, kikosi hicho kilikuwa Colito, kusini mwa Ethiopia, kikipigana na Waitaliano kwenye mto Billate. Kombania mbili zilikuwa zimekwisha kuvuka mto na kushika ng'ambo, zikiwa hazina silaha ya kuzuia vifaru. Ghafla vifaru vikatokea vichakani, kimoja kikaja kutokea nyuma. Leakey akakirukia, akakifungua kifuniko cha juu, akampiga bastola kamanda na wenziwe wa ndani akamwacha dereva tu, kisha akamlazimisha dereva yule akiendeshe kifaru hadi mahali penye maficho. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru, ukamshinda. Akatoka nje, akavuka uwanja uliokuwa ukichanwa na risasi ili avivizie vifaru vingine kwa miguu. Viwili vikampita. Akakirukia cha tatu, akakifungua, akamuua mmoja wa waliomo. Kifaru cha nne kikammiminia risasi, akaangushwa kutoka juu.

Mwili wake haukupatikana. Jina lake limechongwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko makaburi ya vita ya Nyeri. Nishani ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, baada ya miaka minne na nusu, vita vyenyewe vikiwa vimekwisha.

Nimeusoma waraka wa nishani hiyo zaidi ya mara moja, na kila ninapofika kwenye ule mwendo wa miguu kuelekea vifaru vya pili na vya tatu nakutana na watu wengine. Leakey hakwenda peke yake. Waraka unataja sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili, walioondoka pamoja naye kwenda kuviwinda vifaru. Watu wanne, kwa miguu, dhidi ya vyuma vinavyotema moto. Waraka unataja cheo cha mmoja na idadi ya wengine. Majina hautaji. Hausemi kama walirudi.

Mtu anaweza kujitetea kwamba waraka wa nishani unamhusu anayepewa nishani, na kwamba hauna nafasi ya kuorodhesha kila mtu. Ni kweli. Lakini fikiria jinsi habari ile ilivyofika kwenye karatasi. Msalaba wa Viktoria hautolewi kwa uvumi. Hudai ushahidi wa walioona. Katika uwanja ule wa Colito, katikati ya moshi na vumbi, nani alikuwa karibu zaidi ya wale watatu kuona mkono wa Leakey ukishika kifuniko cha kifaru cha tatu? Sisemi kwamba najua nani alihojiwa. Nasema tu kwamba waliokuwa pembeni yake walikuwa watu wa Tanganyika, na kwamba waraka uliotokana na siku ile ulimpa mmoja uzima wa milele wa kumbukumbu na wengine ukawaacha wakiwa idadi.

Linganisha na jambo lililotokea Somalia ya Waingereza mwaka mmoja kabla. Agosti 1940, katika mapambano ya Tug Argan, Kapteni Eric Wilson alishikilia mitutu yake kwa siku kadhaa pamoja na askari wa Kisomali, akiwa na jeraha na malaria, mpaka kituo kikaelemewa. Akahesabiwa amekufa. Msalaba wa Viktoria ukatangazwa Oktoba mwaka huohuo kama wa marehemu. Mwaka 1941 marehemu akaonekana hai katika kambi ya mateka wa Waitaliano. Baada ya vita akaja kufanya kazi ya utawala Tanganyika hadi mwaka wa uhuru, na akafa mwaka 2008 akiwa na miaka 96. Wilson alipewa nishani kwa haraka wakati mashahidi wake wengi wakiwa wametekwa au wamekufa. Ilitosha kwamba makao makuu yalimwamini. Sina kinyongo na mzee yule, alipigana kweli. Lakini haraka ile inaonyesha kwamba ugumu wa ushahidi haukuwa na uzito mmoja kwa watu wote.

*

Upande wa Mjerumani nao ulikuwa na mizani yake. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata nishani ya Pour le Mérite mwaka 1916 akiwa porini kwetu, kwa vita vilivyobebwa mgongoni na askari na wapagazi wa Kiafrika. Wapagazi wa pande zote mbili ndio waliokufa kuliko wote. Hesabu ya Waingereza pekee inataja wapagazi wao waliokufa kwa makumi ya elfu, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao. Mpagazi kwa kawaida hakuwa na nishani ya ushujaa ya kubishania, hai wala maiti.

Kuna mtu mmoja wa Dar es Salaam aliyeamua kubishana. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mjerumani. Vita vilipoanza, mtoto wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, katika pambano lililokuwa miongoni mwa makali kuliko yote ya vita vile. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akaambiwa muda umepita. Akabaki kule, akawa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akacheza sehemu ndogondogo katika filamu zaidi ya 20, akitumia jina la Bayume Mohamed Husen.

Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha msalaba wa heshima kwa waliopigana mstari wa mbele katika Vita vya Kwanza. Mahjub akaomba. Akanyimwa. Basi akajipatia beji mwenyewe na kuivaa, na picha zake zipo: kijana wa pwani katika sare ya askari, nishani kifuani, amesimama wima kama anayepokea gwaride. Kisheria, alikuwa anavaa kisichokuwa chake. Mimi naona alikuwa shahidi wa nafsi yake, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mwaka 1941 serikali ya Wanazi ilimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kibamba cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba aliyoishi Berlin. Kibamba hicho ni cha wahanga wa Wanazi. Vita vya 1914, vilivyomtia kovu, haviko juu yake.

Miaka 20 baada ya kifo chake, mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari wa zamani waliobaki hai walipwe haki zao. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba mhasibu aliyetoka Ujerumani aliwapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani mazoezi ya bunduki, na hakuna mzee aliyekosea. Hadithi hii husimuliwa Ulaya kama kichekesho kitamu, na kweli mtu hutabasamu. Lakini itazame kwa upande wa mjane. Aliyekufa Mahiwa hakuja Mwanza kushika ufagio. Mkewe hakujua amri za Kijerumani. Ushahidi wa mwili ulimlipa aliye na mwili.

*

Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Wissmann. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mahali pake pakasimamishwa mwaka 1927 Mnara wa Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson: askari mmoja wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Kwa miaka mingi mnara huu umekuwa sehemu ya kukutania, ya kuelekezana, ya kupanda na kushuka daladala. Mnara una maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na mwandishi wake ni Rudyard Kipling. Una maneno mazuri. Una askari mmoja. Hauna jina hata moja la askari.

Haikuwa bahati mbaya. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ya kamati iliyoichunguza tume yenyewe. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa wakitumikia himaya katika Vita vya Kwanza, wakiwamo wa Afrika Mashariki, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Juu ya hao, watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliyoanzishwa kwa kanuni kwamba kila aliyekufa apate jiwe au jina, bila kujali cheo, iliamua kwamba kwa Waafrika minara mitatu ya pamoja itatosha: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Katika sehemu nyingine orodha zenyewe zilikosekana. Katika nyingine zilikuwepo na bado hazikutumiwa.

*

Tanganyika ilipojitawala, batalioni ya sita ya Keya ikawa sehemu ya Tanganyika Rifles. Maasi ya Januari 1964 yakaivunja, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Taifa jipya liliunda nishani zake, ikiwamo Nishani ya Ushupavu, na liliamua kukumbuka wafu wake kwa njia inayofanana na ya kwake zaidi kuliko minara ya shaba. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, wengine wakafuata na mashada ya maua, na dua husomwa na viongozi wa dini. Waliokufa katika vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 na kuiangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979, wana makaburi yao Kaboya. Waliokufa wakiunga mkono ukombozi wa Msumbiji wana Naliendele, Mtwara. Mwambao huu wa Bagamoyo unavijua vita vile vya Msumbiji kwa njia yake, kwa kuwa Frelimo iliwahi kuwa na shule yake Kaole, jirani na Mlingotini.

Kisha kukaja vita vya kofia za buluu. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa na waasi wa ADF, na Watanzania 15 wakapoteza maisha. Umoja wa Mataifa una medali kwa kila mlinda amani anayekufa kazini, ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997. Hailipi ushujaa; hulipa kifo tu, na jenerali na kuruta hupata ile ile. Huchongwa jina la marehemu na tarehe ya kufa kwake. Ukizingatia yaliyotangulia katika sura hii, hilo si jambo dogo.

Medali ya ushujaa ni nyingine, ina jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu kwa mamia Rwanda mwaka 1994 mpaka kombora likamuua. Baraza la Usalama liliianzisha mwaka 2014, na ya kwanza ikakabidhiwa familia yake mwaka 2016. Ya pili ilikwenda Malawi. Novemba 2018, karibu na Beni, wanajeshi wa Malawi na Tanzania walikuwa pamoja katika operesheni dhidi ya ADF walipoelemewa na moto mkali. Koplo mmoja wa Tanzania alipigwa risasi, akashindwa kusogea, akabaki peupe. Mwanajeshi wa kawaida wa Malawi, Chancy Chitete, alirudi kumfuata, akamburuta hadi mahali salama, akaanza kumfunga jeraha. Risasi ikampata yeye.

Chitete alikuwa mtu wa cheo cha chini kabisa, aliyekufa katika msitu usio na kamera. Kwa kanuni za mwaka 1916 au 1941 angekuwa idadi katika hati ya mtu mwingine. Mwaka 2019 Katibu Mkuu António Guterres alimtaja kwa jina mbele ya ulimwengu, New York, na medali ikakabidhiwa kwa familia yake. Habari za dakika zake za mwisho zilijulikana kwa sababu aliyeokolewa alipona na kusimulia, na safari hii aliyesimulia kwa lafudhi ya Kiswahili aliandikwa maneno yake.